Mradi wa Kasongo na Nyuso za Watoto

Katika vyuo vya afya ya jamii jina la Kasongo linajulikana kuliko tunavyodhani sisi wa Maniema. Halijulikani kwa mchele wake, wala kwa Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa aliyeufanya mji huu makao yake katika karne ya 19. Linajulikana kwa sababu ya mradi ulioanza hapa mwaka 1971 na kuchukua jina la mji wenyewe. Ripoti za Mradi wa Kasongo zilisomwa Kinshasa, Antwerp na Geneva, zikabishaniwa, zikafundishwa. Zaidi ya nusu karne imepita sasa, na kila anayeukumbuka mradi huo huusifu kwa mambo yaleyale: vituo vya afya, chanjo, gharama nafuu. Sifa hizo ni za haki. Mimi nitautazama kwa jicho la daktari anayetengeneza nyuso na mataya, jicho ambalo kwa kawaida halialikwi kwenye kumbukumbu za namna hii. Naona huko ndiko ubora wa mradi na pengo lake vinapoonekana waziwazi.

Kasongo ilikuwa imeshazoea madaktari wageni. Aprili 1893, jeshi la kamanda Mbelgiji Dhanis lilipouteka mji kutoka kwa Waarabu na Waungwana, aliingia nalo daktari Mwingereza, Sidney Hinde, ambaye baadaye aliandika kitabu kizima juu ya vita hivyo. Februari 1905 Joseph Everett Dutton wa Liverpool, mtafiti aliyekitambua kijidudu cha malale ya Afrika Magharibi, alifia hapa Kasongo akiwa na miaka 30. Alikufa kwa homa ileile aliyokuwa akiichunguza, homa ya papasi, ambayo katika Kongo wengi huiita kimputu. Kijidudu cha homa hiyo kilipewa jina la Dutton. Wageni hawa walikuja, wakajifunza, wakaandika. Na mgonjwa wa Kasongo akabaki na dawa zake za miti.

Waliokuja 1971 walikuwa na nia nyingine. Walitumwa na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji, ambako Pierre Mercenier na Harrie Van Balen walikuwa wakifundisha afya ya jamii, na swali lao halikuwa la ugonjwa mmoja. Waliuliza hivi: kwa fedha ambazo nchi kama Zaire, Kongo ya leo, inazo kweli, si zile inazoahidiwa, mwanakijiji apewe huduma gani, na nani, na wapi, ili huduma hiyo isife mgeni akiondoka? Walichukua eneo moja lenye hospitali moja, wakalizungushia mtandao wa vituo vya afya, kila kituo kikiwa mikononi mwa muuguzi. Mgonjwa alianzia kituoni. Muuguzi alimtibu kwa mwongozo ulioandikwa. Akiona ugonjwa umemzidi, alimpeleka hospitali na barua. Hospitali ikimaliza kazi yake ilimrudisha kituoni, na barua pia. Malipo yalikuwa kwa ugonjwa, si kwa kila mara mtu anapopiga hodi: mama aliyelipia kikohozi cha mwanawe hakulipa upya kwa kumrudisha aangaliwe tena. Mwaka 1984 timu ya mradi iliandika katika jarida la Shirika la Afya Duniani kwamba huduma ya msingi ya namna hiyo iliwezekana kwa chini ya dola moja kwa mtu mmoja kwa mwaka.

Nimezitaja barua hizo mbili kwa makusudi. Kwa wengi ni makaratasi tu. Kwa mtu mwenye shida ya uso ndizo zinazoamua kama atatibiwa au atafichwa ndani ya nyumba mpaka afe.

Mwaka 1978 dunia ilipokutana Alma-Ata kutangaza huduma ya afya ya msingi kwa wote, Kasongo ilikuwa na miaka saba ya kuifanya. Zaire ilipojigawa katika maeneo ya afya 306 katika miaka ya 1980, ilikuwa ikiiga mambo yaliyokwisha kujaribiwa sehemu chache: Kisantu, Vanga, Bwamanda, na hapa kwetu. Hata mmoja wa vijana wa mradi, Wim Van Lerberghe, ambaye pamoja na mwenzake Pangu aliandika mwaka 1988 jinsi mtandao wa vituo ulivyobadilisha aina ya wagonjwa waliolazwa katika hospitali ya Kasongo, ndiye aliyekuja kuisimamia Ripoti ya Afya Duniani ya 2008 iliyorudisha hoja ya huduma ya msingi mezani. Mpango wa kuendesha huduma za afya uliozoeleka nchini kote leo una alama ya vidole vya Kasongo.

Sasa surua. Makala iliyoitangaza Kasongo kuliko zote ilichapishwa mwaka 1981 katika jarida la The Lancet, ikihusu chanjo ya surua na uhai wa watoto wa miezi 7 hadi 35. Timu ilijiuliza swali gumu: mtoto aliyeokolewa na chanjo, je, anaokoka kweli, au kifo kinamngoja mbele kwa kuhara, kwa malaria, kwa njaa? Waliona faida ya chanjo ikipungua kadiri mtoto alivyokua, wakaonya kwamba kupiga sindano moja bila kujenga huduma kamili si kuokoa. Hoja hiyo ilishikwa na waliopenda huduma kamili na kukasirisha waliopenda kampeni. Peter Aaby, Mdenishi aliyekuwa akifuatilia watoto wa Guinea-Bissau, aliwapinga kwa miaka mingi akisema takwimu zao wenyewe zinaonyesha chanjo ikiokoa maisha mengi. Naona Aaby alikuwa na haki juu ya sindano, na timu ya Kasongo ilikuwa na haki juu ya kituo cha afya. Lakini wote wawili walikuwa wakihesabu kitu kimoja: nani yu hai, nani amekufa. Katika daftari la namna hiyo hakuna safu ya mtoto aliyepona surua akabaki bila shavu.

Mtoto huyo yupo. Ugonjwa wake huitwa noma. Humpata zaidi mtoto wa kati ya miaka 2 na 6, na karibu kila mara ni yule ambaye mwili wake umekwisha kudhoofika: ametoka kuugua surua au malaria kali, ana bwaki, ameachishwa ziwa akapewa uji wa muhogo mtupu. Hauambukizi. Bakteria wanaoufanya ni walewale wanaokaa kinywani mwa watu wengi bila madhara. Wanangoja kinga ilegee. Surua huwafungulia mlango mara mbili, kwanza kwa kuiangusha kinga ya mwili, pili kwa kuujaza mdomo vidonda hata mtoto akatae kula.

Huanza na ufizi. Unakuwa mwekundu, unatoka damu ukiguswa, halafu ncha za ufizi katikati ya meno zinaliwa na kufunikwa na utando wa kijivu. Pumzi ya mtoto hunuka kiasi ambacho mama hakisahau. Hapo, siku hizo chache, tiba ni rahisi: amoksilini na metronidazoli, kusafisha kinywa kwa maji ya chumvi au dawa ya kusukutua, vitamini A, na chakula chenye protini, yai, samaki wa mto Lualaba, karanga, maharage. Dawa hizo ni za kawaida katika kituo cha afya. Zikikosekana siku hizo, shavu linavimba na kung’aa, doa jeusi linatokea, na katika muda usiofika wiki mbili nyama iliyokufa inadondoka na kuacha tundu ambalo meno yanaonekana kwa nje. Bila tiba, hadi watoto 9 kati ya 10 hufa. Mwaka 1998 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 770,000 duniani walikuwa wakiishi na makovu ya noma.

Mtu asifikiri kwamba huu ni ugonjwa wa Waafrika. Ulaya iliujua vizuri. Uliondoka huko kwa chakula na usafi, kabla hata antibiotiki hazijapatikana, kisha ukarudi katika kambi za Wanazi, Auschwitz na Bergen-Belsen, watu walipofanywa wakonde makusudi. Noma ni kipimo cha njaa na cha kutelekezwa, haina mengine.

Rudi basi Kasongo ya miaka ya 1970 na uitazame upya. Muuguzi anayechanja surua, anayempima mtoto uzito kila mwezi na kuandika kwenye kadi, anayeona mstari wa uzito ukilala badala ya kupanda, anamwambia mama atie karanga kwenye uji: huyo anafanya kazi ya upasuaji wa uso kabla ya uso kuharibika. Mradi ulichunguza sana ukuaji wa watoto, ukiwemo uhusiano wa uzito na hatari ya kifo, na hakuna hata mmoja aliyehitaji kutaja neno noma ili kuizuia. Kwa hoja hii nasimama: kwa nyuso za watoto, vituo vya Kasongo vilikuwa na thamani kuliko chumba chochote cha upasuaji ambacho kingejengwa kwa fedha zilezile.

Kuna waliopita njia iliyo kinyume, na historia yao inasaidia kuielewa yetu. Mwaka 1957 taasisi iliyokuja kujulikana kama AMREF, madaktari wanaoruka kwa ndege wa Nairobi, ilianzishwa na watu watatu, na wote watatu walikuwa mabingwa wa kutengeneza nyuso. Archibald McIndoe wa New Zealand ndiye aliyewahudumia marubani walioungua wakati wa Vita vya Pili vya Dunia katika mji mdogo wa East Grinstead, Uingereza. Wagonjwa wake walijiundia chama mwaka 1941, na wanachama wakafika 649. Tom Rees, Mmarekani, na Michael Wood, Mwingereza aliyehamia Kenya, walipitia mikononi mwake. Wood alikuwa na shamba Ol Molog, magharibi mwa Kilimanjaro, na huko wakapanga kumfuata mgonjwa kwa ndege, kwa kuwa mgonjwa hana jinsi ya kumfikia bingwa. Walishona midomo sungura, wakafungua makovu ya moto yaliyounganisha kidevu na kifua, wakatengeneza watu walioraruliwa na fisi.

Ilikuwa kazi njema, na bado inafanyika. Lakini haikuchukua muda AMREF ikajikuta inaweka redio katika hospitali za misheni, inafundisha wahudumu, inachanja. Ndege ilitua, ikashona, ikaondoka, na nyuma yake wagonjwa wapya walikuwa wakizaliwa. Taasisi iliyoanza na kisu angani ikateremka hadi kijijini. Kasongo ilianza kijijini. Isipokuwa Kasongo haikupanda juu.

Na juu ni lazima pafikike, kwa sababu noma iliyokwisha kula uso haiponi kwa karanga. Hebu tukitazame kwa karibu kinachotakiwa.

Daktari hakati mapema. Husubiri miezi sita, mara nyingi mwaka, mpaka kovu litulie na mtoto anenepe. Kikwazo cha kwanza si ngozi, ni taya. Kovu la ndani hukaza na kugeuka ukamba mgumu, wakati mwingine mfupa kamili unaounganisha taya la juu na la chini, hata mdomo usifunguke upana wa kidole. Mtu wa namna hiyo anakula kwa kupitisha uji kwenye pengo la meno. Mtaalamu wa usingizi naye anapata shida yake: mrija wa kupumulia hupita mdomoni, na hapa mdomo umefungwa. Inabidi kuupitisha puani kwa kamera nyembamba inayopinda, au kutoboa koo. Hospitali isiyo na mtu na chombo cha kufanya hivyo haipaswi kujaribu. Mgonjwa atafia mezani kwa kukosa pumzi kabla ya wembe kumgusa.

Taya likishafunguliwa linabaki tundu la kuzibwa pande mbili, ndani kwa kitu laini kama mdomo, nje kwa ngozi. Ngozi hiyo haitoki hewani. Njia ya zamani, ambayo bado inatumika, ni kuteremsha kipande cha paji la uso au cha kifua hadi shavuni bila kukikata kabisa, kikiwa bado kimeshikana na mshipa wake wa damu upande mmoja. Kwa muda wa kama wiki tatu mgonjwa anaishi na daraja la ngozi yake mwenyewe likikatiza usoni, hadi kile kipande kiote mishipa mipya pale kilipohamia; ndipo daraja hukatwa. Mdomo wa juu uliopotea unaweza kuazimwa nyama kutoka mdomo wa chini kwa namna hiyohiyo. Mara nyingi upasuaji mmoja hautoshi.

Halafu inakuja sehemu ambayo wageni wa wiki mbili huisahau. Taya lililofunguliwa hutaka kufunga tena. Mgonjwa hupewa vijiti bapa vya mbao, vile vya kukandamizia ulimi, avipange baina ya meno, akae navyo kila siku kwa uchungu, na kila baada ya muda aongeze kimoja. Kazi hiyo inadumu miezi. Anayeiacha kwa kuwa hakuna wa kumsimamia anarudi alikokuwa, na mara ya pili kovu ni gumu zaidi. Sasa niulize: nani wa kumsimamia mtoto wa kijiji cha Kabambare miezi yote hiyo, kama si muuguzi wa kituo? Ile barua ya kurudishwa kituoni, iliyoanzishwa kwa ajili ya mambo madogo, ndiyo inayolinda kazi ya bingwa wa uso.

Barua ya kwenda nayo ina uzito wake, kwa kuwa si kila taya lililovimba ni la kukatwa. Hili lilijulikana kwa gharama. Mwaka 1956 de Smet, daktari katika Kongo ya Wabelgiji, alieleza uvimbe wa saratani kwa watoto, na mwaka 1957 Thijs alichapisha uchunguzi wa saratani 2,536 kutoka Kongo na Ruanda-Urundi. Lakini aliyeufahamisha ulimwengu ni Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1958. Uvimbe huo wa Burkitt humjia mtoto kwa kasi. Katika wiki chache meno yanalegea na jicho linasukumwa nje. Wapasuaji walikata, ukarudi. Kilichouponya ni dawa za sindano, na kwa ajili yake kilifunguliwa mwaka 1967 kituo cha Mulago ambacho sasa ni Taasisi ya Saratani ya Uganda. Kinyume chake ameloblastoma, uvimbe wa taya la chini unaowapata zaidi vijana na watu wazima, hukua taratibu kwa miaka, hauumi, mpaka uso unapinda. Huo dawa haiugusi: sharti taya likatwe na pengo lijazwe kwa bamba la titani na mfupa uliochukuliwa nyongani au mguuni chini ya goti. Wiki dhidi ya miaka: muuguzi akimuuliza mama swali hilo moja, uvimbe ulianza lini, ameshatenganisha njia mbili, na mtoto wa Burkitt hapotezi mwezi akingoja kisu.

Mradi wenyewe haukufikia kumjibu mtu wa taya. Mwaka 1990, baada ya mauaji ya wanafunzi Lubumbashi, ushirikiano wa Ubelgiji na Zaire ulisimama. Mwaka uliofuata askari walipora miji. Vita vya 1996 vikapita, vya 1998 vikakaa: Kindu, makao makuu ya mkoa, iliangukia waasi wa RCD Oktoba mwaka huo, na kusini mwa Maniema kukawa na mji kwa hawa, pori kwa wanamgambo wa Mai-Mai. Baadaye dhahabu ya Namoya, upande wa Salamabila katika Kabambare, ikaleta bunduki zake. Risasi ya taya ni jeraha la pekee. Huvunja mfupa vipande, humwaga meno, huziba njia ya hewa, na anayepona humwacha na kidevu kilichoporomoka. Majeruhi wengi wa risasi wa mashariki wametibiwa katika hospitali ya CBCA Ndosho mjini Goma, ambako tangu 2012 imekuwapo timu ya upasuaji ya Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Goma pia ndiko iliko HEAL Africa, hospitali ya Daktari Jo Lusi na marehemu mkewe Lyn, ambayo miongoni mwa kazi zake ni midomo sungura.

Kutoka Kasongo hadi Goma ni kama kilomita 400 kwa mwendo wa ndege. Kwa mwendo wa barabara zetu, usihesabu kilomita. Goma ilitekwa na waasi wa M23 Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari, viwanja vya ndege vya miji yote miwili vikafungwa. Mzee mmoja wa hapa, fundi wa baiskeli, aliposikia habari hizo alisema tu kwamba sasa hata kuugua kuna mipaka. Sikuona la kumjibu.

Kwa mujibu wa mpangilio wa nchi, hospitali kuu ya rufaa kama ya Kasongo inatakiwa kutoa huduma nne: upasuaji, magonjwa ya ndani, watoto, na uzazi. Upasuaji huo ni wa jumla: henia, matumbo, kujifungua kwa kisu. Taya na uso ni kazi ya ngazi ya juu, na ngazi hiyo kwa mtu wa Maniema, mkoa wenye maeneo ya afya 18, siku zote imekuwa nje ya mkoa. Hapa ndipo ninapowalaumu, kwa heshima, waanzilishi na sisi tuliowarithi. Walithibitisha kwamba kituo na hospitali ni kitu kimoja. Hawakuendelea kuthibitisha kwamba hospitali ya eneo na bingwa wa mbali nao ni kitu kimoja, chenye barua zake mbili, bei yake inayojulikana na mtu anayewajibika kumfuatilia mgonjwa. Wahisani wanapoleta kambi ya upasuaji ya siku kumi, tangazo hupita redioni na kanisani na msikitini, waliosikia huja, wasiosikia hubaki. Huo ni mtindo wa ndege ya 1957 bila mafunzo ambayo AMREF yenyewe iliyapata.

Kinachotakiwa si hospitali mpya ya ghorofa. Ni orodha. Kila kituo cha afya cha Kasongo na Kabambare kiwe na daftari la watu wa eneo lake wenye mdomo sungura, kovu la noma, taya lililokaza, uvimbe wa taya, taya lililovunjwa na risasi, na umri wao na mwaka ulioanza. Daftari hilo likifika hospitali, daktari mkuu wa eneo anajua anaomba bingwa wa nini, kwa wagonjwa wangapi, na bingwa naye anajua aje na mtaalamu wa usingizi mwenye kamera au aje na nyuzi tu. Mdomo sungura wa mtoto aliyenenepa vyema unaweza kushonwa tangu miezi mitatu, katika chumba cha upasuaji cha kawaida. Kovu la noma haliwezi. Kuchanganya hao wawili katika foleni moja ndiko kunakofanya mmoja arudishwe na mwingine aharibiwe.

Wakati wa kudai ni huu. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliiingiza noma katika orodha rasmi ya magonjwa ya tropiki yaliyosahaulika, baada ya Nigeria kuongoza ombi hilo. Kongo imo katika nchi zilizokuwa tayari kwenye mpango wa Afrika wa kuidhibiti. Na tunajua kwa nini inatuhusu: katika mlipuko wa surua uliotangazwa 2019 na kumalizika 2020, zaidi ya watu 7,000 walikufa nchini mwetu, wengi wao watoto wadogo. Hao walihesabiwa. Waliobaki na vidonda vya ufizi, katika nchi yenye muuguzi mmoja kwa vijiji vingi, hawakuwa na daftari.

Kwa hiyo kumbukumbu ya Mradi wa Kasongo isiishie kwenye hotuba na picha za Wabelgiji waliovaa kaptura. Wauguzi wa vituo, ongezeni jambo moja katika kipimo cha kila mtoto: baada ya mizani, mwinulie mdomo wa juu, shusha wa chini, tazama ufizi. Ni nusu dakika na kijiti kimoja cha mbao. Wahusika wa eneo la afya, hakikisheni metronidazoli na vitamini A haviishi kituoni msimu wa surua. Na wewe mama au bibi unayesomewa haya, mtoto wako akitoka kuugua surua, chungulia kinywa chake kila asubuhi kwa mwezi mzima. Ukiona ufizi unatoka damu na pumzi inanuka, usingoje soko la kesho wala mganga wa jirani. Mpeleke kituoni siku hiyohiyo, na umwambie muuguzi neno noma, hata kama hajaliuliza.